Koti la Mtani Wangu

Koti lilikuwa la sufu nzito, rangi ya majivu, na lilinuka mafuta ya mashine pamoja na udi. Harufu hizo mbili sijazikuta tena pamoja mahali pengine. Mwenye koti alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, baharia aliyeshuka melini Uingereza kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, akapanda treni kufuata kazi, na kushukia Birmingham, mji usio na bahari ya kumrudisha. Nilipomkuta huko, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa na miaka mingi ya kung'arisha shaba katika kiwanda cha vitasa, mguu mmoja ulioumizwa na sahani ya chuma, kikohozi kisichoisha, nyumba nyembamba ya matofali mekundu katika mtaa wa Lozells, na binti mmoja wa miaka kumi na tisa. Mke wake, Mwingereza wa papo hapo mjini, alikuwa amefariki binti huyo akiwa na miaka sita.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa msomaji wa nyumbani hilo linatosha, lakini kwa wengine inafaa nieleze. Mababu zetu walipopita Uzaramo na mizigo vichwani kwenda pwani, waligombana na wenyeji, wakapatana, na mapatano yao yakawa utani. Mtani hukutukana usikasirike. Huchukua kitu chako ukamwacha. Na ukifa, kuna kazi ambayo ndugu zako hawaiwezi kwa sababu ya machozi, na ambayo mwanao haruhusiwi hata kuijaribu: mtani huvaa nguo zako, akatembea kama ulivyotembea, akasema kama ulivyosema, mpaka waliofiwa wacheke. Nilipokuwa mdogo nilimwona mwanamke mmoja Mzaramo akimwigiza mjomba wangu marehemu akitafuta miwani iliyo usoni pake. Mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka, kisha akaomba uji.

Tulikutana katika duka la vyakula la Mhindi mmoja kutoka Kisumu, pale Balsall Heath. Nilikuwa nauliza bei ya mchele kwa Kiswahili, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Binti, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akaweka kikapu chake chini taratibu, kama mtu aliyepokea habari njema na asiyetaka kuiharibu kwa haraka. "Mtumwa wangu! Umenifuata mpaka huku? Mzigo umeuacha wapi?"

"Mzigo ndio wewe," nikamwambia. "Nimetumwa nikurudishe. Ngoma zimekwisha Uzaramo, watu wameamka, wanamtafuta atakayelala badala yao."

Alicheka mpaka mwenye duka akatoka nyuma kuja kutazama. Kabla sijalipia mchele, mzee alikwisha kuchukua pakiti yangu ya biskuti, akaifungua, akaila akinitazama machoni.

Tangu siku hiyo nilikwenda Lozells kila Jumapili. Nilikuwa mwanafunzi wa fasihi na maigizo katika chuo kikuu, na lazima nikiri kwamba wiki nzima nilikuwa nikiigiza. Mbele ya Waingereza nilikuwa Mwafrika mwema, mwenye shukrani, asiyeona baridi. Nilizungumza polepole, nikicheka nusu sekunde baada ya wengine kucheka. Jumapili ndiyo niliyopumzika, na mapumziko yangu yalikuwa kutukanwa.

Jirani yake alikuwa Kalasinga, seremala kutoka Nairobi, aliyehamia na familia yake miaka michache kabla na kupata kazi katika kiwanda kile kile. Tulikaa watatu mbele ya moto wa makaa, na kila Jumapili, baada ya chai ya pili, mzee aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa akisomea upigaji chapa kwa taipureta, na karatasi ile ilikuwa zoezi lake: mstari mmoja uliorudiwa ukurasa mzima. Mzee hakujua kusoma Kiingereza. Aliinyoosha gotini, akaishika mbali na macho, akasema, "Hakuna kosa hata moja."

"Wewe najuaje?" Kalasinga alimuuliza safari moja. "Wewe nasoma sasa?"

"Naona mistari ilivyonyooka. Wewe seremala hujui kitu kilichonyooka?"

Lakini binti mwenyewe alipoingia chumbani, karatasi ilirudi mfukoni na mzee akanyamaza. Sizungumzii ukali. Alimtazama akivua glavu, akamsogezea kiti karibu na moto, akasema kwa Kiingereza, "Chai?" Binti akasema ndiyo, au hapana, kisha akapanda juu. Kiswahili alikielewa, maana mimi nilimsalimia kwa Kiswahili naye akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anayemjibu karani wa posta. Siku moja nilimuuliza mzee kwa nini yeye, asiyefunga mdomo mbele yetu, alikuwa bubu mbele ya mwanawe.

Akachokonoa makaa kwanza. "Kiingereza changu ni cha kiwandani," alisema. "Matusi nayajua yote. Maneno ya kumwambia binti, hayo sikufundishwa."

"Si umwambie kwa Kiswahili?"

"Alipokuwa na miaka kumi nilimwita kwa Kiswahili mbele ya rafiki zake. Akakimbia. Nikaona nisimwaibishe tena."

Chuoni, muhula ule, mwalimu wetu wa maigizo alitupa kazi. Kila mmoja amtafute mtu halisi mjini, amchunguze, kisha amlete darasani kwa mwili wake. Tuanze na mwendo, alisema. Ukiupata mwendo, mtu mzima atakuja nyuma yake. Mimi sikuhangaika kutafuta. Nilimchukua Mzaramo wangu. Niliazima kofia na fimbo, nikaingia nikiuburuta mguu wa kulia, nikapanda basi lisilokuwepo, nikabishana na kondakta kwa Kiingereza kilichovunjika. Darasa lilicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwalimu alisema hajaona uchunguzi makini kama ule, na jioni nilirudi bwenini nikiwa na furaha niliyoshindwa kuila.

Jumapili nilimweleza mzee kila kitu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anitukane.

"Walicheka nini?" aliuliza.

"Mwendo. Na Kiingereza."

"Karatasi uliwaonyesha?"

"Hapana."

"Jinsi nilivyokula biskuti zako?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulimwigiza mzee mmoja mweusi anayechechemea. Huyo wanamwona kila siku katika basi, na kila siku wanamcheka bila wewe kuvaa kofia. Mimi hukunipeleka." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Kisha akasema neno ambalo Kalasinga, aliyekuwa akichonga kijiti, aliacha kuchonga ili alisikie. "Nikifa hapa, mtani ni wewe peke yako. Hakuna mwingine mji mzima. Usije ukaleta huyo wa basi. Uniigize mimi, na yule wa juu awepo." Akaelekeza kidole darini, kwenye chumba cha binti yake. "Ananijua mguu na kikohozi tu. Asinizike bila kunijua."

Nilimwahidi. Nilicheka nikiahidi, kwa sababu utani hautaki uso mzito, nikamwambia Wazaramo hawafi, wanachelewa tu kuamka.

Kifua kilimchukua majira ya baridi yaliyofuata, katika siku nne hospitalini. Wanaume wa msikitini walimwosha na kumsindikiza, na sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo nilipopaswa kufanya kazi yangu, kati ya chai na kilio. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Binti alikuwa akiosha vikombe vilivyokuwa safi. Nililitazama lile koti mara tatu, na kila mara nilisikia kicheko cha darasa. Jioni nilivaa langu nikaondoka. Mzaramo alikuwa amezikwa bila mtani wake, na mtani alikuwepo, akipanga sahani.

Ninapoandika haya nimekwisha kupita umri ambao mtu hujisamehe kwa urahisi, na kwa miaka mingi nimefundisha vijana tofauti kati ya mhusika na sura yake. Huwaambia kwamba mama yangu, alipotaka kujua tabia ya mtu, hakuuliza anatembeaje. Aliuliza: chakula kilipokuwa kidogo, alifanya nini? Wanafunzi huandika maneno hayo daftarini. Siwaelezi niliyajuaje kweli, na kwamba nilikwisha kuyasikia tangu utotoni na bado nikaenda darasani na fimbo ya kuazima.

Nafasi ya pili ilikuwa kisomo cha arobaini. Ulikuwa wakati wa mgomo wa wachimba makaa, umeme ukikatwa kwa zamu mtaa kwa mtaa, na saa kumi na mbili za jioni, dua ilipokwisha na shehe akawa amekwenda zake, taa zilizima. Binti aliwasha mishumaa miwili, akaisimamisha juu ya visosi. Tulikuwa watu kumi hivi: Kalasinga na mkewe, wenzake wanne wa kiwandani, mimi, binti, na wauguzi wawili Wakenya waliokuwa wamemhudumia hospitalini na kuja kutupikia pilau. Watu walikula wakitazama sahani. Hakuna aliyemtaja marehemu. Niliona kwamba dakika chache tena wangeaga, na binti angebaki na mguu na kikohozi.

Nikainuka, nikalitoa koti nyuma ya mlango, nikalivaa. Nikavaa na kofia yake iliyokuwa pale pale. Sikueleza neno, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Kwetu anayeeleza utani kabla ya kuufanya ameuua. Nilisahau kwamba katika chumba kile hakuna aliyekulia kwetu.

"Nani amekula nyama yangu?" nilisema kwa sauti yake, nikizunguka na mguu wa kulia nyuma. "Siku arobaini tu sipo, Mnyamwezi amekwisha kumaliza sufuria! Nilijua! Mpagazi huyu!"

"Dada!" muuguzi mmoja alinong'ona akinishika kiwiko. "Dada, kwetu hatufanyi hivi. Haki ya Mungu utatuletea mikosi."

"Na wewe uliyenichoma sindano, nyamaza. Ulisema haiumi."

Mwenzake aliziba mdomo, lakini kicheko kilikwisha kumponyoka. Kalasinga alijipiga paja. "Ndio yeye! Ndio yeye kabisa!" Nikapata nguvu. Nikabishana na msimamizi wa kiwanda, nikamsimanga Kalasinga kwa kiti alichomchongea kikawa na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi, nikapanda basi. Ndiyo, nilipanda lile basi tena; lilikuwa limenizoea. Wenzake wa kiwandani, ambao hawakujua Kiswahili hata neno moja, walicheka, na katika kicheko chao nikasikia kile cha darasani.

"Vua," alisema binti.

Alikuwa amesimama. Alisema kwa Kiingereza, bila kupaza sauti. "Vua koti la baba yangu. Huyo mtu simjui. Baba yangu hakuwa na mzaha. Baba yangu alikuwa hasemi."

Mke wa Kalasinga aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia aliyemwaga mboga mbele ya wageni. Ningeweza kuvua. Ningeweza pia kumweleza, kwa Kiingereza changu cha chuoni, historia ya misafara na mapatano, naye angenisikiliza kwa ile adabu ya posta. Lakini maneno yake yalikuwa kweli tupu. Niliyekuwa nikimwigiza alikuwa mtu wa kila mtu, na binti hakuwa na sehemu kwake.

Nikavua kofia, nikaiweka mezani. Koti nikabaki nalo. Nikaketi katika kiti cha mzee, nikaacha mguu ukae unavyotaka, nikasubiri mpaka pumzi yangu ikatulia. Kisha nikasema kwa Kiswahili, na safari hii sikuitafuta sauti yake:

"Kalasinga, chai ya pili imekwisha?"

Kalasinga alinitazama. Alielewa kabla yangu. "Imekwisha, mzee," alisema. "Haya, toa."

Nikaingiza mkono katika mfuko wa ndani. Haukuwa na kitu, nami sikutegemea kitu. Nikatoa hewa iliyokunjwa mara nne, nikaikunjua, nikainyoosha gotini, nikaishika mbali na macho. "Hakuna kosa hata moja," nikasema.

"Wewe najuaje? Wewe nasoma sasa?" Kalasinga alilisema swali lote kama lilivyokuwa.

"Mwanangu ameipiga. Naona mistari ilivyonyooka." Nikamgeukia binti, ingawa mzee hakuwahi kufanya hivyo. "Kiingereza changu ni cha kiwandani," nikamwambia. "Matusi nayajua yote. Maneno ya kumwambia binti, hayo sikufundishwa."

Binti hakulia. Alitoka chumbani, tukamsikia akipanda ngazi gizani, na muuguzi yule wa kwanza akaniambia kwa chini, "Sasa umefanya nini, dada?" Nilianza kufungua vifungo.

Aliporudi alikuwa na karatasi mkononi. Aliiweka juu ya meza, kati ya mishumaa, na mikunjo yake minne ilikuwa imechakaa kiasi cha kupitisha mwanga.

"Nilipewa hospitalini pamoja na nguo zake," alisema. "Nikashangaa. Niliitupa mwaka jana. Niliitupa jikoni, katika ndoo ya taka. Nikadhani aliokota ya kuwashia moto, akaisahau." Akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akashuka nao. "Ina makosa saba. Ndiyo maana niliitupa."

Wa kwanza kusema alikuwa Kalasinga.

"Saba!" alisema. "Mwaka nzima hii mzee nadanganya mimi! Kila Jumapili! Mimi nasema ndiyo, nyoofu, nyoofu kabisa!" Akacheka, mkewe akacheka, wauguzi wakacheka waziwazi, na mmoja wao akawatafsiria wale wanaume wa kiwandani, nao wakaungama kwamba walionyeshwa karatasi ile ile penye mashine ya kung'arishia, wakakubali ile ile kauli, kwa sababu mwenzao alikuwa amesimama pale akingoja wakubali.

Binti aliwasikiliza mmoja mmoja. Alinitazama mimi, akanyoosha mkono, na safari hii nilielewa bila kuambiwa mara mbili. Nikavua koti nikampa. Sikujua alitaka kulitundika au kulikumbatia. Alilivaa. Lilimfika magotini.

Nilitaka kumzuia. Mtoto hamwigizi mzazi wake; kwetu angekemewa na kila mtu mzima aliyemo ndani, na mimi, mtani, ndiye ningepaswa kuanza. Nilimwacha. Aliichukua karatasi, akaikunja katika mikunjo yake ya zamani, akaiingiza katika mfuko wa ndani. Akaitoa. Hakuchechemea na hakukohoa. Aliinyoosha juu ya paja, akaishika mbali na macho yake yenye afya ya miaka ishirini, akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya Lozells, "Hakuna kosa." Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi, akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akisubiri. Ndipo akamaliza: "Hata moja."

Kalasinga alisimama. Nadhani hakujua kwamba amesimama.

Maana hivyo ndivyo mzee alivyofanya. Kila Jumapili alikatisha sentensi mahali pale, akautazama uso wa msikilizaji, na hakuimaliza mpaka auone uso huo umekubali. Nilikuwa nimemchunguza kwa zaidi ya mwaka, kwa macho ya chuo na kwa macho ya utani, na sikuliona jambo hilo mpaka jioni ile. Naye binti hakuwahi kumwona akiitoa karatasi.

Nilimuuliza baadaye, tulipokuwa tukiosha sahani, amelijua wapi. Umeme ulikuwa umerudi. Alifikiri kidogo, akifuta sufuria.

"Chai," alinijibu. "Akiniuliza kama nataka chai, alikuwa ananitazama hivyo."

Akalitundika koti nyuma ya mlango. Mimi, kwa haki ya mtani, niliiba kofia, na yeye aliniona nikiiba, akaniacha.